Shajara ya tangi la mvua, upande mkavu wa Meru

Januari 7

Mliotuma michango ya tangi la mvua kwa simu mmeomba taarifa, na mume wangu amesema niandike mimi, kwa sababu yeye akishika kalamu kila kitu kinageuka mahubiri. Nitaandika siku nitakazopata mwanga. Paneli yetu ya sola inawasha taa mbili na kuchaji simu. Ikifika saa tatu usiku moja inazimwa.

Kwa wasiotufahamu: tupo upande mkavu wa Mlima Meru. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga, ukipita Ngaramtoni, migomba na kahawa vinaanza kubaki nyuma. Ukipita Oldonyo Sambu umebaki na migunga, vumbi na upepo usiolala. Mlima ule ule unaowanyeshea ndugu zetu wa Usa River mpaka wanachoka, sisi unatupa mgongo. Kutoka lami hadi kwetu ni saa moja na nusu kwa miguu. Kaya ni 61, wengi Waarusha na Wamaasai, kanisa moja la matofali lenye bati jipya, na kilula kimoja kinachotoa maji siku kinapojisikia.

Barua ya kumpangia mume wangu kituo ina jina moja tu, la mwinjilisti. Posho nayo ni ya mtu mmoja, na kuna miezi haifiki. Siku ya kupokelewa mzee wa kanisa alisimama akasema, "Tumepata wawili kwa bei ya mmoja." Watu wakacheka, nami nikacheka. Tangu hapo nimefundisha shule ya Jumapili, nimefunga vidonda, nimeandika daftari la kikoba, nimeita bodaboda usiku wa manane kwa ajili ya mwanamke mwenye uchungu. Silalamiki, naweka kumbukumbu.

Tulikuja kuhubiri. Ila katika miezi ya mwanzo swali nililoulizwa mara nyingi halikuhusu wokovu. Waliuliza, "Mama Mwinjilisti, kwa nini meno ya mtoto wako ni meupe?"

Watoto wa hapa wakicheka wanaziba mdomo kwa kiganja. Meno ya utotoni huwa si mabaya sana, mama anafurahi. Mtoto akifika miaka saba, nane, yanaota ya kudumu yakiwa ya kahawia, mengine yamemomonyoka kama chokaa. Ni madini ya floraidi yaliyo kwenye maji, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Meno ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi tangu mtoto yuko mchanga mpaka karibu miaka minane, na jino likishajengwa vibaya hakuna mswaki wa kulirudisha. Mtu akinywa maji haya kwa miaka mingi, floraidi inaingia mpaka kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, shingo haigeuki. Koko, yaani bibi, jirani yetu ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima, kama mlango.

Mradi wenyewe: kuvuna maji ya bati la kanisa kwenye tangi la saruji la lita 30,000. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Januari 12

Jumapili. Baada ya ibada tulikwenda kunywa chai kwa mzee mmoja ambaye si Mkristo wala hana haraka ya kuwa. Mume wangu alimweleza habari ya tangi. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akakoroga chai yake, kisha akasema, "Wenzenu wa kwanza waliuawa Akeri."

Ni kweli, na sisi tuliokulia Ulutherini tunafundishwa habari hiyo. Ovir na Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa Akeri, upande wa pili wa mlima huu, Oktoba 1896, muda mfupi baada ya kufika. Kanisani tunawakumbuka kama mashahidi. Nikadhani mzee anatutania, au anatutisha.

"Baadaye wakaja askari wa Wajerumani kulipiza," akaendelea. "Wakachoma maboma, wakachukua ng'ombe. Nyie mnakumbuka wale wawili. Sisi babu zetu walitusimulia ng'ombe." Akamwongezea mume wangu chai. "Kwa hiyo mtu wa dini akija na kitu, tunauliza kwanza: ni cha nani?"

Mume wangu akajibu kwamba tangi ni la wote. Mzee akasema, "Sawa." Hiyo sawa yake nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Januari 23

Majibu ya maabara yamefika. Maji ya kilula: miligramu 9.2 za floraidi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Leo nimeshinda nikirudia maneno yale yale nyumba kwa nyumba. Hapana yeyo (mama), kuchemsha hakusaidii. Ukichemsha maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo unaikoleza. Dawa ya kutia kwenye maji inaua vijidudu, floraidi si kijidudu. Kitambaa hakichuji. Kuyaacha yatulie hakusaidii. Mama mmoja aliyekuwa anachemsha maji ya wanawe kwa bidii tangu alipofundishwa kliniki alinitazama kama nimemtukana. Nikajitahidi kumweleza kwamba kliniki walisema kweli, kuchemsha kunazuia kuhara, ila hili ni jambo lingine. Kuni anazifuata mbali huyu mama. Nimerudi nimechoka.

Februari 3

Jaribio la mifupa. Linaandikwa kwa aibu.

Mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri inakuwa mkaa mweusi unaonasa floraidi maji yakipita. Watu wa kituo cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, wameifanya kazi hiyo miaka mingi na wanaijua. Sisi tulijifanya tunaijua. Mume wangu aliomba mifupa kwa wachinjaji wa mnadani, viroba vitatu, tukaipanga kwenye pipa na kuwasha.

Moto unatakiwa uwe wa nyuzi kama 400 hadi 500 na hewa iwe kidogo. Wetu ulikuwa na akili zake. Mifupa ya juu ikawa majivu meupe, ya chini ikabaki ya kahawia yenye mafuta, ya katikati kidogo tu ikatoka nyeusi. Mbwa wa kitongoji kizima wakahamia kwetu. Maji tuliyoyapitisha yalinuka supu iliyoungua, na mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: huyo mnyama alichinjwa na nani? Swali lake ni halali kuliko chujio letu. Tumeweka mpango wa mifupa pembeni.

Februari 15

Nilidhani maji ndiyo vita. Kumbe kuna magadi.

Hapa maharage na makande yanapikwa kwa magadi, na magadi ya kuokota huku nayo yana floraidi nyingi. Mtoto anaweza kunywa maji safi halafu akaila floraidi kwenye loshoro, makande ya maziwa. Nikalisema hilo kwenye kikao cha akina mama, kikao kikachafuka. Maji unaweza kumlaumu Mungu au serikali. Magadi ni jiko langu, ni mama mkwe wangu aliyenifundisha. Tena yana sababu: maharage yanaiva upesi, kuni zinabaki.

Nikawaambia waloweke maharage usiku kucha. Mama mmoja akauliza, "Niloweke kwa maji gani?" Wote wakaangua kicheko, wakiziba midomo.

Sina jibu mpaka tangi lijae. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, kile chakula chetu cha Machame, kishumba, bila magadi nakiona kimekosa kitu.

Februari 23

Mnada wa sadaka nje ya kanisa. Waliokuwa hawana fedha walileta mayai, mtindi kwenye kibuyu, kuku wawili na mbuzi mmoja mwenye hasira. Kuna yai moja lilinunuliwa mara nne, kila aliyelinunua akalirudisha mezani linadiwe upya. Mwishowe likafika shilingi 6,000 na kumwangukia mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alilivunja njiani. Jumla ya mnada ni 412,000. Michango yenu ni 3,150,000. Asanteni sana, na yule aliyetuma 1,000 mara kumi na moja kwa siku kumi na moja tofauti, tumeona.

Machi 3

Fundi ameanza. Shimo la msingi, kokoto, nondo za milimita 8. Tangi ni la mviringo, kutoka katikati hadi ukutani mita 2, kimo mita 2.4. Saruji mifuko 48 imepandishwa na kirikuu kwa safari tano, na katika safari ya tatu dereva akagoma kwenye korongo, kwa hiyo mifuko minane imefika kwa migongo ya punda. Punda wa huku wamezoea madumu. Mfuko wa saruji wakauona ni dharau.

Machi 11

Ukuta umesimama: wavu wa chuma, juu yake wavu wa kuku, plasta ndani na nje. Fundi anapiga niru ndani ya tangi akiimba, sauti inazunguka mle kama kengele, watoto wamejaa nje kusikiliza. Vijana wa kipaimara ndio saidia fundi. Mume wangu naye amechanganya zege siku nne mfululizo, na Jumapili alipoinua mikono kutoa baraka niliona haifiki juu.

Kuanzia kesho ni kumwagilia ukuta asubuhi na jioni, usipasuke. Wanawake wamejipangia zamu. Maji ya zege na ya kumwagilia ni yale yale ya kilula. Yatamwagwa na tangi litasuguliwa kabla ya mvua.

Machi 19

Mume wangu yuko kwenye mafunzo ya wainjilisti, mjini. Mtoto ana homa. Sikuandika wala sitaandika.

Machi 29

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja jana saa nane usiku, nasi tukaipoteza.

Gata zilikuwa zimefungwa Jumatano. Bati la kanisa ni mita 16 kwa 9, na kila milimita 10 za mvua zinaweza kutupa lita zaidi ya 1,100 hata ukitoa zinazopotea. Hesabu hii nilikuwa nimeikariri kama mstari wa Biblia. Tuliposikia bati linalia tukatoka na tochi kwenda kulitazama tangi likinywa. Bomba kavu. Nikaweka sikio: kimya. Kule upande wa pili wa kanisa, pembeni, maji yalikuwa yanamwagika kwa kishindo, yanachimba ardhi.

Fundi alikuwa amepima mteremko wa gata kwa kufuata ukingo wa bati, na kanisa lenyewe limejengwa likiinama kidogo, ila hakuna aliyewahi kugundua kwa sababu hakuna aliyewahi kulijaza maji. Kwa hiyo gata lilikuwa linapeleka kila tone mbali na tangi.

Tukakimbilia ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto, hata birika. Mume wangu amelowa mpaka mifupani, anaelekeza bomba lililochomoka kwa mikono miwili, ananipigia kelele nilete kingine, nami nampigia kelele kwamba hakuna kingine. Tuligombana pale kwenye mvua kama hatujawahi kugombana tangu harusi. Nilimwambia nilisema tangu mwanzo fundi apime kwa mpira wa maji. Akasema sikusema. Nilisema, Mungu shahidi, lakini nilisema moyoni.

Asubuhi tulikuwa na lita kama 140. Majirani wamekuja kutupa pole, na koko akasema maneno kwa Kimaasai ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria.

Machi 31

Fundi amerudi bila kuitwa mara ya pili, amefungua gata lote na kulipima upya kwa mpira wa maji, hakudai hata nauli. Tumeweka pia bomba la kumwaga maji ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kabla ya kufungulia tangi. Hesabu za fedha: tumetumia 3,490,000, zimebaki 72,000. Katika hizo nimenunua koki nzuri ya shaba na kufuli.

Aprili 6

Baraza la wazee lilikaa baada ya ibada. Ajenda moja: ufunguo.

Nilizileta hesabu kwenye karatasi. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku kama 150. Kaya zote 61 zikinywa na kupikia, tangi halifiki hata Agosti. Tukiwapa watoto wa chini ya miaka minane tu, lita 2 kila mmoja kwa siku, maji ya kunywa na ya uji wake, tunafika. Orodha yangu ina watoto 93.

Mzee wa kanisa, yule yule wa wawili kwa bei ya mmoja, aliuliza wangapi kati yao ni wa washarika wetu. Nikahesabu: 37. Wengine ni wa Wakatoliki, wa wale wa kanisa la uamsho kule bondeni, wa mwenye duka, na wa maboma ambayo hayasali popote.

"Basi," akasema, "watoto 37 hawamalizi hata nusu ya tangi. Yatabaki ya wazee. Bati ni letu, saruji tumebeba sisi. Wakitaka, mlango wa kanisa uko wazi, waingie."

Sikilizeni, si mtu mbaya. Mgongo wake ni kama wa koko. Amekunywa maji ya kilula miaka sitini na zaidi, na sasa anaona maji mazuri yanapita mbele yake yakienda kwa mtoto wa mtu aliyemcheka alipobatizwa. Mwingine akaongeza kwamba wamisionari wa zamani nao walijenga shule na hospitali, watu wakaja kanisani kwa njia hiyo, ubaya uko wapi? Mume wangu akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema maji si chambo cha kutegea samaki. Wazee wakamjibu kwamba yeye ana mshahara.

Hatukuafikiana. Wakasema ufunguo akae nao Mama Mwinjilisti mpaka mchungaji aje. Yaani kazi nyingine kwa bei ile ile.

Aprili 13

Jumapili ya Matawi. Naandika hii taratibu.

Mchungaji wa usharika alikuja kwa ajili ya Meza ya Bwana, na baada ya ibada akasema kabla hajatoa neno lolote kuhusu tangi, orodha isomwe mbele ya wote, na wasio washarika waitwe waisikie. Walikuja wengi. Hata yule mzee wa chai alikuja, akakaa chini ya mgunga, nje ya kivuli cha kanisa.

Nikasoma majina, boma kwa boma. Nilipomaliza, yeyo mmoja mwenye mapacha, si msharika wetu, akanyoosha mkono.

"Na wako?"

Nikaangalia karatasi. Mwanetu ana miaka mitano. Hakuwemo. Niliandika orodha ile mwenyewe, nikairudia mara tatu, nikainakili kwa wino, na mtoto wangu sikumwona kwamba hayumo.

Hapa inabidi niwaambie na ninyi, maana katika taarifa zote za mwaka jana hamkusoma jambo hili. Tangu tulipofika, mwanetu hajanywa maji ya kilula. Mdogo wangu ni kondakta wa basi la Moshi na Arusha. Kila mwisho wa mwezi anapakia madumu mawili ya maji ya kwetu, yanafikishwa lami, bodaboda anayaleta usiku. Lita 40, za mtoto mmoja. Tuliyaweka chini ya kitanda. Tulijiambia ni siri kwa sababu hatukutaka kuwaumiza watu. Mchana nilikuwa nawafundisha habari za floraidi, jioni namimina maji ya Moshi kwenye kikombe cha mwanangu, nikiwa nimefunga mlango.

Nikayasema hayo pale mbele, sauti ikitetemeka. Mume wangu akaja kusimama kando yangu. Nilitegemea kelele.

Kukawa kimya, halafu yule yeyo wa mapacha akasema, "Madumu tunayajua. Tulidhani ni mbege."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kumbe mwaka mzima kitongoji kimeamini kwamba mke wa mwinjilisti, Mchaga wa watu, analetewa pombe ya nyumbani usiku, na kwa heshima wakanifichia. Kuna waliokuwa wananiombea. Mzee wa kanisa alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti, kisha kicheko kikamwisha ghafla, akaniangalia. Sikuweza kumwangalia.

Alisimama. Alisema mwinjilisti alikuwa na tangi lake chini ya kitanda na hakumpa mtu. Kwa hiyo mwinjilisti hawezi kumwambia yeye, mzee, agawe. Na yeye pia hawezi tena kusema bati ni letu, kwa sababu sasa ameona jambo hilo linavyoonekana. Alilisema kwa Kimaasai. Mchungaji akatutafsiria neno kwa neno, bila kupunguza.

Orodha ni watoto 94.

Aprili 20

Pasaka. Mvua ilinyesha wakati wa wimbo wa mwisho, na hakuna aliyeimba beti zilizobaki, wote walikuwa nje kutazama bomba. Mume wangu akafunga ibada kutokea mlangoni.

Mei 4

Habari za ufunguo. Sasa kuna kufuli mbili kwenye kibanda cha koki, na funguo hazikai nyumba moja. Moja anayo mzee wa kanisa. Ya pili anayo yeyo wa mapacha. Asubuhi mmoja asipofika hakuna maji, kwa hiyo wanafika. Mimi nimebaki na daftari. Yule mzee wa chai aliposikia akauliza, "Kwa hiyo ni cha nani?" Mume wangu akaanza kueleza, mzee akamkatiza: "Nilikuwa nauliza tu."

Wawili kati ya wazee wa baraza hawajaridhika na wamesema hivyo. Mmoja ameacha kuja ibadani tangu Matawi. Mume wangu amemtembelea mara tatu. Mara ya tatu alimpa kiti.

Mei 25

Mvua imekatika. Kijiti cha kupimia tunachoingiza kwa juu kinasoma sentimita 226. Kila sentimita ni lita 125 na ushee, kwa hiyo tuna kama lita 28,400. Watoto 94 kwa lita 2 kwa siku 150 wanahitaji 28,200. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, haibadiliki. Mvua ya vuli ikichelewa tutabanwa. Tumekubaliana uji wa shule ya Jumapili usipikwe kwa maji haya, na wajawazito hatutaweza kuwapa mwaka huu. Kuna mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi. Kila nikipita pale napita upesi.

Kwa wanaouliza kama tutajenga tangi la pili: bati la nyumba ya mwinjilisti ni dogo, la shule ni kubwa. Shule si yetu. Tumeanza mazungumzo.

Juni 2

Siku ya kwanza ya kugawa. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali, ukungu umefunika mlima wote. Mzee wa kanisa amefika wa kwanza, amevaa koti lake la ibada. Yeyo wa mapacha amechelewa dakika ishirini na mzee akamsalimia "Takwenya" kana kwamba hakukasirika.

Kina mama wamekuja na chupa, vibuyu, vidumu vya lita tatu. Mume wangu amefungua koki, akaomba kwa ufupi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kazi imechukua dakika arobaini. Koko, ambaye hana mtoto wa umri huo, amekuja kukaa tu kwenye jiwe na kutazama. Mjukuu wake akampelekea kifuniko cha chupa kimejaa maji. Akayaonja, akasema hayana ladha.

Nani ataandika jina la mtoto aliyempa bibi yake kifuniko kimoja cha maji yake? Mimi sikuliandika.

Juni 9

Kijiti: sentimita 214.

Madumu ya Moshi ya mwisho wa Mei yalishafika kabla sijamzuia mdogo wangu. Moja nimempelekea yule mama mwenye mimba. Lingine nimelimimina kwenye sufuria kubwa, nikaloweka maharage ya kikao cha akina mama, bila magadi. Yamechukua saa tatu na nusu kuiva na kuni nyingi, na wamesema wazi kwamba bado ni magumu. Tutajaribu tena Alhamisi.

Mwanetu alisimama kwenye mstari leo na kikombe chake cha bati, nyuma ya mapacha. Alipofikiwa alimwambia mzee wa kanisa ajaze hadi juu. Mzee akamjibu, hapa wote ni kipimo kimoja.